Mdogo wangu wa Likoni, kabla hujaomba miche soma hii

Juzi kijana mmoja wa Likoni kanitumia meseji, anasema kaka sisi huku mtaani tunataka kuanzisha kikundi cha kulinda mikoko, tumeiona kazi yenu huko Mikindani ya Mombasa, tuanzie wapi na miche tunapata wapi. Nimefurahi sana, manake sisi tulipoanza hakuna aliyeuliza, watu walikuwa wanapita wanatuona tumejaa tope hadi magotini na magunia ya plastiki mgongoni wanauliza kwani mnalipwa na nani. Basi nimeona nijibu hapa, najua wako wengi wenye nia kama yake.

Kwanza achana na miche. Ndiyo, achana nayo kabisa kwa sasa.

Miaka kadhaa nyuma shirika moja lilitujia na basi zima la wageni, tishati mpya, bango, kila kitu. Wakaenda kupanda mkoko, ile aina moja yenye jina hilo, kule mbele kabisa ambako maji hayaondoki sawasawa. Wavuvi wetu wazee waliwaambia jamani mikoko ina aina nyingi na kila moja ina pake, hapo mbele ni pa mlilana, mkoko unakaa nyuma yake, halafu mkandaa, na mchu mwingi mtauona huko juu karibu na nchi kavu. Hawakusikilizwa. Picha zikapigwa, basi likaondoka, na kusi ilipoanza kuvuma mawimbi yaking'oa miche hakuna aliyerudi kuangalia. Kwenye ripoti yao sisi tuliandikwa "wakazi walioshirikishwa", mstari mmoja tu. Hilo linaniuma mpaka leo na sioni haya kulisema, kwa sababu mzee mmoja kati ya waliowaonya ameishi kwenye hii hori yetu ya Tudor maisha yake yote, anajua bamvua, yale maji makubwa, inafika wapi na maji mafu, yale madogo, yanaishia wapi, na hakuna hata aliyemuuliza jina lake.

Sasa nikwambie sehemu ninayojivunia. Kuna kiwanja chetu kilikuwa kitupu, miti imekatwa kuni, mkondo wa kuingiza maji umezibwa na taka za mtaani, hata maji makubwa hayafiki ndani. Tulichofanya ni kuzibua ule mkondo kwa majembe na mikono, kutoa plastiki, na kukaa pale kuzuia mapanga. Hatukupanda hata mche mmoja. Msimu wa mbegu ulipofika mbegu za mchu zikaja zenyewe na maji, zikashika kwenye tope, na leo miti hiyo imenipita kimo. Kaa wamerudi, kamba wadogo wako kwenye mizizi, na kuanzia Agosti wale ndege wanaotoka Ulaya na Asia wanashuka hapo kula maji yakitoka. Mtu akiniambia lazima upande ndo uitwe mhifadhi namleta hapa aone kwa macho yake.

Kwa hivyo kazi yenyewe ni kurudi. Unarudi wiki hii, unarudi wiki ijayo, unarudi mvua ikinyesha. Wakataji wanajua ratiba yako kuliko wewe mwenyewe, usipoonekana wanaingia. Huku kwetu shida kubwa ni wapika chang'aa waliojificha ndani ya mikoko, wanataka kuni na hawataki macho, na tumetishwa usiku na mchana. Ushauri wangu hapo ni usiende peke yako na usijifanye askari. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii kuunda chama na kushirikiana na KFS, shirika la serikali la misitu, kuutunza, kwa hivyo jiandikisheni, mkiona panga pigeni simu, na mrudi tena kesho yake. Narudia kwa sababu hapa ndipo vikundi vinakufa, mrudi.

Na yatazameni yanayotoka mbali pia. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika huku Port Reitz yakaua mikoko, manake mchu unapumua kwa ile mizizi inayochomoza juu ya tope, ikipakwa mafuta mti unakosa hewa. Mkiona kitu kama hicho piga picha, andika saa, ripoti siku hiyo hiyo.

Swali la pesa najua unalo hata kama hukuliuliza. Wengi wetu waliondoka siku walipojua hakuna posho, watu niliokula nao sahani moja, na siwezi kusema haikuniumiza. Lakini angalia Gazi, kule Kwale, kikundi cha Mikoko Pamoja wanauza kaboni tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaifyonza na kuihifadhi, kutokana na hekta 117 za mikoko, na pesa zinaenda kwenye maji na shule za pale kijijini. Lakini kabla ya hapo watafiti wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wanakijiji walikuwa wanapanda na kupima hapo tangu miaka ya tisini. Vijana wa sasa mnataka matunda bila msimu, haiwezekani, na Mungu hakutupa bahari hii tuigeuze jalala halafu tusubiri mfadhili aje kutuokotea chupa zetu wenyewe.

Mkutano wenu wa kwanza semeni wazi hakuna posho, mjue nani anabaki. Na daftari la michango akae nalo mama mmoja mnayemwamini, lisomwe mbele ya wote kila mwisho wa mwezi.