Diski ya ext4 kwenye Windows: usibonyeze "Format"

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini Ubuntu (aina ya Linux) inafungua diski D ya Windows lakini inakataa kuhifadhi kitu ndani yake, na kwa nini diski yako ya nje ya ext4, yaani mpangilio wa faili wa Linux, ukiichomeka upande wa Windows unaambiwa uifomati. Naanza na la pili kwa sababu ndilo la hatari, na mimi limenigharimu.

Mwaka 2019 nilikuwa na diski ya nje ya TB 1, ext4, imejaa video za harusi ya mdogo wangu. Nikampa jamaa aniharirie, yeye anatumia Windows, na sikumtahadharisha. Kuichomeka tu, likaja dirisha: "You need to format the disk in drive E: before you can use it." Akajua diski ni mpya, akakubali. Sekunde chache, imekwisha. Kufomati kwa haraka huandika majedwali mapya tu, kwa hiyo video nyingi zilikuwa bado zimelala humo humo. Nilizivua kwa PhotoRec, programu ya bure, ila yenyewe hairudishi majina wala folda. Nikabaki na maelfu ya faili za mtindo wa f2841600.mp4, nikakesha siku tatu nafungua moja moja nikitafuta pale bibi anapomfunika bi harusi kanga. Hicho kipande nilikipata. Cha kufunga ndoa hakijafunguka mpaka leo.

Kwa hiyo likija dirisha hilo, bonyeza Cancel. Diski yako si mbovu. Windows haiijui ext4, basi. Ukiwa na Windows 11 yenye WSL (sehemu inayoendesha Linux ndani ya Windows), fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi uandike:

wsl --mount \\.\PHYSICALDRIVE1 --partition 1

Namba ya diski itazame kwenye Disk Management: Disk 1 ndiyo PHYSICALDRIVE1. Faili utazikuta ndani ya Linux yako ya WSL, kwenye /mnt/wsl. Ukimaliza, wsl --unmount. Njia hii haikubali flashi, wala diski ile ile ambayo Windows yenyewe imewakia. Kama ni kazi ya mara moja, mimi huwasha kompyuta kwa flashi ya Ubuntu bila kuisakinisha, nikahamishia faili kwenye diski ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows. Ni njia ya taratibu lakini haijawahi kuniangusha.

Sasa hiyo D. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down kompyuta haizimiki kabisa; hali ya kiini cha mfumo inahifadhiwa kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho iwake upesi. Ubuntu ikija inakuta diski imeachwa katikati ya kazi, inakuruhusu kusoma tu. Na inafanya vyema, kwani ikiandika, Windows ikirudi na kumbukumbu zake za jana, mafaili yanaweza kuharibika. Ingia Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, halafu zima upya. Kama hutaki kugusa mipangilio, shikilia Shift unapobonyeza Shut down.

Wapo watakaokushauri ntfsfix, amri ya Linux. Hiyo inarekebisha machache (ukiiongezea -d inafuta alama ya hitilafu), haitengenezi diski. Matengenezo ya NTFS yafanyie Windows kwa chkdsk D: /f. Na ile remove_hiberfile, chaguo la kufungulia diski upande wa Linux linalofuta hiberfil.sys, iache kabisa kama ulikuwa na kazi hujaihifadhi, maana nayo inapotea.

Kwa diski ya kuzunguka kati ya mifumo yote miwili, weka exFAT, mpangilio wa faili ambao Windows na Linux zote zinaujua. Linux inaisoma ndani ya kiini chake tangu toleo la 5.4 la 2019, na haina kikwazo cha FAT32, mpangilio wa zamani, cha GB 4 kwa faili moja, ambacho kwa watu wa video ni balaa. Ila exFAT haina jarida la kumbukumbu (orodha ya mabadiliko inayosaidia kuirekebisha diski ikikatishwa katikati), kwa hiyo usiichomoe kabla ya kuiondoa kwa utaratibu. Na hamisha vitu vyako kwanza kabla hujaifomati.

Ikigoma tena baada ya powercfg, tuwekee hapa jibu la lsblk -f, amri ya Linux inayoorodhesha diski, pamoja na ujumbe wa kosa kama ulivyo.