Ruta Mbili Nyumba Moja: Maswali ya Anwani za IP Zinazogongana

Malalamiko ya mwezi huu yanafanana: kompyuta inasema anwani yake ya IP inatumiwa na kifaa kingine, printa imepotea, kamera moja yaonekana na ya pili haionekani. Anwani ya IP ni namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, na kila kifaa kinatakiwa kiwe na yake peke yake. Nimechagua yale yatakayowafaa wengi, na mawili matatu nimeyajibu kwa sababu yameniudhi.

Fundi, nakaa Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya ghorofa. Wi-Fi ya chini haifiki juu. Nilinunua ruta ya pili nikaiunga kwa waya na ile ya kwanza. Tangu hapo simu zinashika Wi-Fi lakini intaneti hakuna, na laptopu inasema kuna kifaa kingine chenye IP yake. Nirudishe ruta dukani?

Usirudishe. Kuta zenu za mawe ya matumbawe na chokaa hazipitishi Wi-Fi, na ruta ya pili iliyovutiwa waya ndiyo dawa yake. Kosa ni kuichomeka kama ilivyotoka kwenye boksi. Ruta nyingi za nyumbani zinatoka kiwandani zikiwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na DHCP imewashwa, yaani kila moja inagawa anwani kwa yeyote anayeomba. Wewe sasa unazo mbili zenye anwani moja, zinagawa namba zile zile, wala haziulizani. Simu ya mama inapewa 192.168.1.100 na ruta ya chini, laptopu yako inapewa 192.168.1.100 na ruta ya juu. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Intaneti nayo inakatika kwa kuwa simu inapoita 192.168.1.1 ili itoke nje, huenda anayeitika ni ruta ya juu, ambayo yenyewe haina njia ya kutoka.

Chomoa waya unaoziunganisha. Unga laptopu na ruta mpya peke yake, ingia kwenye mipangilio, ibadilishe anwani yake iwe 192.168.1.2, ingia tena kwa anwani hiyo mpya, kisha uzime DHCP. Hakikisha .2, yaani anwani inayoishia na 2, haimo katika fungu la anwani ambalo ruta ya kwanza inagawa. Halafu rudisha waya, kutoka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ya chini hadi tundu la LAN la ruta ya juu. Lile la WAN (la intaneti inayoingia), ambalo mara nyingi lina rangi yake, liache wazi. Ikiwa ruta yako ina hali ya akses pointi, yaani ya kurusha Wi-Fi tu bila kugawa anwani, chagua hiyo na kazi yote itajifanya yenyewe. Jina la Wi-Fi na neno la siri vinaweza kuwa sawa juu na chini. Chaneli, yaani njia za mawimbi ya Wi-Fi, zitofautishe, moja iwe 1 na nyingine 6 au 11. Mwisho zima Wi-Fi kwenye kila simu uiwashe tena ili iombe anwani upya.

Na msininunulie vile vijisanduku vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kuongeza nguvu ya Wi-Fi. Vingi vinapokea na kurusha kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kasi inakatika. Mombasa hapa ndipo nyaya za baharini zinapotua, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy ikafuata 2010, kisha mtu anashindwa kufungua video kwa kukataa kununua mita kumi za waya.

Wi-Fi yangu inasumbua. Nisaidie. (Bamburi)

Inasumbua vipi? Kifaa gani? Kioo kimeandika nini? Nitumie ujumbe wenyewe neno kwa neno, au picha yake. Sisomi nyota.

Printa yangu ya dukani, Tudor, hupotea kila baada ya siku chache. Fundi aliyeifunga aliipa 192.168.1.105 ili isibadilike. Nikizima na kuwasha ruta inarudi, halafu inapotea tena.

Kila siku nalia na jambo hili. Fundi wako alitaka anwani isiyobadilika, na hapo yuko sawa, ila aliiandika ndani ya printa bila kuiambia ruta. Fungua ruta yako utazame fungu inalogawa. Nina hakika ni kitu kama .100 hadi .199. Basi .105 imo humo. Usiku ukizima printa, ruta inaona 105 haina mtu, inampa mteja aliyekuja kuchapisha kitambulisho. Asubuhi printa inaamka na namba yake ya kuandikiwa, na wawili wanagombania kiti kimoja.

Rudisha printa kwenye hali ya kupokea anwani yenyewe. Kisha itengee anwani ndani ya ruta kwa kutumia anwani yake ya MAC, yaani utambulisho ambao kifaa hupewa kiwandani, zile herufi na tarakimu kumi na mbili zilizo kwenye kibandiko au kwenye ukurasa wa mipangilio inaouchapisha yenyewe. Ruta ambayo haina uwezo huo, na zipo, punguza fungu lake lianze .100, halafu vitu vya kudumu vyote vipe namba kati ya .20 na .50. Kama printa imebadilika namba, iondoe kwenye kompyuta uiongeze upya, maana Windows inaendelea kutuma kazi kwenye anwani ya zamani na wewe unabaki kulaumu wino.

Kisha chukua karatasi: kifaa, anwani, MAC. Ibandike nyuma ya ruta. Fundi anayeondoka bila kukuachia karatasi hiyo hajamaliza kazi, na mimi nisingemlipa yote.

Ujumbe wa kugongana kwa IP unamaanisha jirani ameniingilia? (Likoni)

Peke yake hauthibitishi hivyo. Mara nyingi sana ni vitu vyako mwenyewe. Lakini kwa kuwa umeuliza, ingia kwenye ruta utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Usiyemjua akionekana, badilisha neno la siri la Wi-Fi, na lile la kuingilia kwenye ruta yenyewe pia, ambalo nina wasiwasi bado ni admin. WPS, ile njia ya kuunga kifaa kwa kitufe au namba fupi badala ya neno la siri, izime kabisa.

Nilinunua kamera mbili za aina moja, nikazichomeka pamoja kwenye swichi, kile kisanduku cha kugawa waya za mtandao. Mara inaonekana hii, mara inaonekana ile, kamwe hazionekani zote mbili. (Kisauni)

Zimetoka kiwandani na anwani moja. Kamera za Dahua huja na 192.168.1.108, nyingi za Hikvision huja na 192.168.1.64. Ukichomeka mbili za kampuni moja kwa pamoja, umezigonganisha mwenyewe. Chomeka moja, ibadilishe anwani, ndipo uchomeke ya pili. Tena tazama hiyo .108: nayo inaangukia katikati ya fungu la ruta nyingi, kwa hiyo hata kamera ikiwa moja tu usiiache hapo. Na neno la siri la kamera liwe lako. Kamera ya sebuleni yenye neno la siri la kiwandani ni dirisha la watu msiowajua.

Laptopu imejipa 169.254 na namba nyingine. Ni nini hiyo? (Nyali)

Hakuna aliyeijibu ilipoomba anwani, ikajitungia. Huo si mgongano. Tazama waya, tazama kama DHCP ya ruta imewashwa, tazama kama fungu limejaa.

Stima ikipotea na kurudi, ndipo migongano inapoanza. Ikikaa siku nzima bila kupotea hakuna shida. Kwa nini? (Changamwe)

Swali zuri, na aliyeuliza ameangalia kabla ya kuuliza. Ruta nyingi za bei ya chini huweka orodha ya anwani zilizogawiwa kwenye kumbukumbu inayofutika stima ikikatika. Ikirudi, haikumbuki nani ana nini. Simu na laptopu za Wi-Fi zinaona mtandao umeanguka, kwa hiyo huomba upya. Taabu iko kwa kifaa kilichoungwa kwa waya kupitia swichi yenye betri, mfano mashine ya kurekodi kamera: hakikujua kama ruta ilizimika, kinaendelea na namba yake mpaka muda ambao ruta ilikiazima namba hiyo ufike nusu ndipo kiulize. Hapo katikati ruta inaweza kumpa mwingine namba ile ile. Vitengee anwani vifaa vya waya, na ruta yenyewe iunge kwenye betri hiyo hiyo. Kulinda kamera na kuiacha ruta izimike sijui ni hesabu ya wapi.

Tovuti ya kuonyesha IP inanionyesha namba sawa na ya jirani yangu. Tunagongana? (Mikindani)

Hamgongani. Hiyo ni namba ya nje, na kampuni nyingi za intaneti huwachanganya wateja wengi nyuma ya namba moja. Ukiona anwani ya WAN ya ruta yako inaanza na 100.64 hadi 100.127, ndiyo hiyo.

Niliitengea simu yangu anwani kwenye ruta kama ulivyosema, lakini inapata nyingine. (Majengo)

Simu za Android kuanzia toleo la 10, na iPhone kuanzia iOS 14, huipa Wi-Fi anwani ya MAC ya kubuni. Wewe umeitengea ile halisi. Kwenye mtandao wa nyumbani tu, zima hali hiyo au utengee ile ya kubuni inayoonekana kwenye ruta. Ukiwa mkahawani iache iwashwe.

Nina ploti Mishomoroni, vyumba vinane, Wi-Fi moja. Jioni baadhi ya wapangaji hawapati intaneti, wengine wanapata ujumbe wa mgongano.

Kwanza soma mkataba wako na kampuni ya intaneti. Vifurushi vingi vya nyumbani haviruhusu kuuza tena. Hukuniuliza hilo, lakini siku watakapokukatia usije kwangu.

Sasa matatizo mawili huenda yamekutana. Fungu dogo la anwani linajaa jioni watu wakirudi na wageni: lipanue, .50 hadi .250, na upunguze muda wa kuazima anwani kutoka saa ishirini na nne hadi mbili. La pili ni mpangaji aliyeleta ruta yake akaichomeka upande wa LAN, au aliyejiandikia anwani kwenye simu ili akwepe kufungiwa. Kumpata, badilisha kwanza anwani ya ruta yako iwe isiyo ya kawaida, tuseme 192.168.37.1. Kisha kwenye kompyuta ya Windows ya mpangaji anayelalamika fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika ipconfig /all utazame mstari wa seva ya DHCP. Ukiona 192.168.1.1 au 192.168.0.1, si wewe uliyempa. Andika arp -a, soma MAC iliyo karibu na namba hiyo. Nusu ya kwanza inatambulisha kampuni iliyotengeneza kifaa. Chomoa waya za swichi moja moja mpaka ruta hiyo ngeni inyamaze, uone waya unaelekea chumba gani. Ongea naye kwa upole, wengi hawajui walichofanya. Na kwenye ruta washa hali ya kutenganisha vifaa vya Wi-Fi, mpangaji wa chumba cha tatu asiione laptopu ya chumba cha tano.

Fundi wangu anasema nidunge pini kwenye kitundu cha nyuma ya ruta kila anwani zikigongana. (Kizingo)

Acha! Hiyo inafuta kila kitu, pamoja na jina na neno la siri uliloandikiwa na kampuni ya faiba, kisha utakaa bila intaneti mpaka wakutumie mtu. Kuzima na kuwasha kunatosha, na huyo fundi mbadilishe.

Naweza kuipa printa 192.168.1.255? Hiyo hakuna anayeitumia.

Hapana. Kwa mtandao wa 255.255.255.0, kipimo cha kawaida cha mtandao wa nyumbani, .255 ni ya kuwatangazia wote na .0 ni ya mtandao wenyewe. Chukua .30.