Usimuulize mtoto mji mkuu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuufanya mchezo tuisheni. Dada yangu alikuwa ameniletea 10 Days in Africa, mchezo wa ubao uliobuniwa na Alan R. Moon na Aaron Weissblum, uliotoka 2003. Nyumba yetu imezoea keram na karata, kwa hiyo nikaona hapa ndipo pa kuwafundisha watoto jiografia. Kila aliyeokota kipande cha nchi nilimdaka: mji mkuu wake? Pesa zake? Usiku wa pili wakasema wana hesabu za kumaliza. Watoto wangu, kukimbilia hesabu!

Sheria zenyewe ni chache. Una nafasi 10, yaani siku 10 za safari. Unaokota vipande, vya nchi, gari au ndege, kimoja kimoja na kuviweka kwenye siku unazotaka, na kikishakaa hakihami. Unaweza tu kukitoa uweke kingine. Nchi zinazopakana unavuka kwa miguu. Gari linakupitisha nchi moja ya katikati. Ndege inaruka mbali, lakini rangi yake lazima ifanane na ya nchi unayotoka na ya unayokwenda. Safari ikiunganika yote, umeshinda.

Aliyeuokoa mchezo ni mjomba wao, dereva wa trela, ambaye jioni ile alikuja kula viazi karai tu. Binti yangu wa miaka 9 alikuwa amepanga Kenya, gari, Rwanda.

"Mjomba, hii inafaa?"

Akajipangusa ukwaju mkononi, akaweka kidole kwenye ramani ya ubao, ukingoni mwa bahari, pasipoandikwa Mombasa wala chochote, akakisogeza taratibu. Mariakani, mizani. Voi. Mtito. Nairobi, Nakuru, Eldoret. Malaba, mpakani na Uganda, kidole kikasimama.

"Hapa umelala."

"Mjomba, ni siku moja tu!"

"Na foleni je?"

Akaendelea: Kampala, Mbarara, Katuna, mpakani na Rwanda. Hakuna aliyekumbuka hesabu usiku huo.

Tangu hapo mimi nimefunga mdomo. Ukiwa na ndugu, jirani au mzee aliyewahi kusafiri, mkaribishe akae karibu na ubao, na wewe kazi yako iwe chai. Mtoto akitaka kujua mji mkuu, atauliza.

Sisi tuko sita na mchezo ni wa watu wawili hadi wanne, basi tunacheza wawili wawili, mdogo na mkubwa. Wa miaka 6 alianza na siku 5 badala ya 10, maana kumi zilimliza.

Ramani yetu ni ya toleo la zamani, nayo sikuirekebisha makusudi. Sudan bado ni moja, imepakana na Kenya. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011. Eswatini bado ni Swaziland. Kijana wangu aligundua mwenyewe, akaja na atlasi ya shule kifua mbele, na ubishi ukachukua muda kuliko mchezo. Nyanya yao, kwa upande wake, Kongo anaiita Zaire, na tumekubaliana ahesabiwe.

Juzi mjomba alipiga simu kutoka Malaba. Siku ya pili, trela haijavuka. Binti yangu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshauri:

"Mjomba, tupa gari, okota ndege."