Maabara Mbili, Majibu Mawili: Wasomaji Wauliza Kuhusu Vipimo vya Shambani

SWALI: Mtaalamu, niliuchimba udongo wa shamba langu la mahindi siku moja, nikauchanganya, nikaugawa mafungu mawili na kuyapeleka maabara mbili. Ya kwanza imeandika pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, 5.8, na fosforasi, kirutubisho cha mimea, miligramu 14 kwa kilo. Ya pili imeandika pH 5.3 na fosforasi miligramu 33. Ipi imenidanganya?

JIBU: Huenda hakuna iliyokudanganya. Kipimo hiki hakihesabu fosforasi yote iliyomo udongoni, bali ile inayotoka tu udongo unapotikiswa ndani ya kimiminika fulani, na kila maabara ina kimiminika chake. Njia ya Olsen, ambayo ilibuniwa kwa udongo wenye chokaa nyingi, hutumia baikaboneti ya sodiamu yenye pH 8.5, ilhali ile ya Mehlich 3 hutumia mchanganyiko wa asidi ambao kwa kawaida hung'oa fosforasi nyingi zaidi. Ni sawa na kitambaa kimoja kupimwa kwa mita, kisha kwa dhiraa. Hata pH ina mambo yake: udongo uliokorogwa katika maji matupu husoma juu kuliko uliokorogwa katika myeyusho wa kloridi ya kalsiamu, na tofauti ya nusu kama hiyo yako ni ya kawaida.

Kwa hiyo tafuta kwenye cheti mahali palipoandikwa njia iliyotumika, na pasipokuwapo, uliza. Ushauri wa mbolea hutolewa kwa jedwali lililoandaliwa kwa njia hiyo hiyo. Ukiichukua namba ya Mehlich 3 ukaisoma kwenye jedwali la Olsen, utadhani shamba limeshiba kumbe lina njaa. Chagua maabara moja na ubaki nayo mwaka hadi mwaka, ili uone udongo unaelekea wapi.

Linalonitia wasiwasi zaidi, kusema kweli, ni jambo ambalo hukulieleza: ulichimba mahali pangapi? Hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, ina takriban tani 2,600 za udongo, na mpimaji huchota gramu mbili au tatu tu ili ziisemee hekta nzima. Pita shambani kwa kukatakata kona, uchimbe mahali 15 hadi 20 kwa kina kilekile, ukiepuka vichuguu, njia za miguu na pale palipokuwa na lundo la samadi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu ndoo ya mabati huacha zinki ndani ya sampuli, kisha anika kivulini na upeleke nusu kilo.

SWALI: Mahindi ninayolisha ng'ombe yalipimwa sumukuvu yakaonekana salama, lakini maziwa yamekataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Inawezekanaje?

JIBU: Sumukuvu haienei sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi, punje chache zilizoota ukungu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Mkono uliochota juu ya gunia moja huenda ulizikosa. Chota katika magunia mengi, juu, katikati na chini, kisha saga fungu lote kabla ya kupunguza sampuli. Ng'ombe anapokula aflatoksini B1, ambayo ni aina ya sumukuvu, mwili wake hugeuza sehemu ya sumu hiyo kuwa aina nyingine iitwayo M1, ambayo hutoka na maziwa. Akiachishwa chakula hicho, maziwa husafika baada ya siku chache. Basi badilisha chakula leo, wala usingoje cheti kipya.

SWALI: Je, naweza kupeleka maji ya kisima katika chupa ya soda iliyooshwa vizuri?

JIBU: Kwa kipimo cha chumvi unaweza, mradi uisuuze mara tatu kwa maji yale yale ya kisima. Kwa bakteria haifai hata kidogo. Omba maabara chupa iliyotakaswa, na usiisuuze, kwani mara nyingi huwa na dawa kidogo ya kuondoa klorini. Acha pampu itoe maji kwa dakika kadhaa kwanza, usiguse mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, iweke kwenye barafu, na ifike maabara kabla ya saa 24 kupita.