Kwa anayetaka kusomea kriminolojia: ushauri wa aliyepitia ofisi ya probesheni

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, vijana hunitumia swali moja: nikisomea kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, nitafundishwa kumtambua muuaji kwa kuangalia tu alivyokiacha chumba? Tamthilia za Marekani zimewaingia. Nimeisomea fani hii na mafunzo ya kazini nikayafanya katika ofisi ya probesheni hapa Mombasa, ile inayowasimamia waliohukumiwa kubaki nje ya gereza chini ya uangalizi. Jibu langu: isome, ni elimu nzuri. Ila ujue mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuandika ripoti kuhusu mtu aliye hai, ambayo kesho hakimu ataisoma kabla ya kuamua mtu huyo alale wapi.

Somo la kuchora wasifu wa mhalifu ni tamu, sikufichi. Mwaka 1956 polisi wa New York, waliokuwa wamesumbuliwa miaka na miaka na mtega mabomu, walimwendea daktari wa akili James Brussel awaambie huyo ni mtu wa aina gani. Mengi aliyokisia yakaja kulingana na George Metesky, aliyekamatwa Januari 1957. Hadithi hiyo utaisikia darasani. Wengi hawataji kwamba jina la Metesky lilifichuliwa na Alice Kelly, karani wa kampuni ya umeme, aliyepekua mafaili ya wafanyakazi wa zamani na kukuta barua zenye maneno yaleyale ya mtega mabomu.

Usiishie hapo. Soma kesi ya Colin Stagg. Mwaka 1992 Rachel Nickell aliuawa mchana kweupe katika uwanja wa Wimbledon Common, London. Mwanasaikolojia akachora wasifu wa muuaji, polisi wakaona Stagg anafanana nao, wakamtumia askari wa kike ajifanye mpenzi wake ili amchokoe aseme. Hakukiri kamwe. Akakaa rumande zaidi ya mwaka, mpaka mwaka 1994 jaji alipoukataa ushahidi ule na kesi ikavunjika. Na wakati macho yote yako kwake, Novemba 1993, Robert Napper aliua mama mwingine pamoja na binti yake mdogo. Vinasaba (DNA) ndivyo vilivyomfunga Napper kwa kifo cha Nickell, na mwaka 2008 akakiri kortini. Kesi hii huniuma kila nikiifundisha wadogo zangu. Wasifu ni dhana ya kuelekeza upelelezi, na dhana isiyopimwa humfunga asiye na hatia na kumwacha mwenye hatia barabarani. Kwa hiyo usikimbie takwimu na mbinu za utafiti, hata kama darasa zima linazilalamikia. Humo ndimo utakapojifunza kujiuliza: hili nimelijuaje?

Sasa probesheni. Sheria yetu, Sura ya 64, inamruhusu hakimu kumweka mtu chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3. Sheria ya mwaka 1998 ikaongeza huduma kwa jamii, yaani kazi bila malipo kwa faida ya umma, kwa makosa ambayo adhabu inayofaa haizidi kifungo cha miaka 3. Watu mtaani huviita vyote kifungo cha nje. Na ripoti zetu hazihusu wezi wa kuku pekee. Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba, kuna wafungwa waliorudi kortini adhabu zao ziangaliwe upya, na mahakama zikataka kujua ni watu gani leo.

Niliyojifunza zaidi nilijifunza kwenye ziara za nyumbani. Nakumbuka kijana wa Kisauni aliyeiba mtungi wa gesi wa jirani. Afisa niliyefuatana naye alimwamkia mamake, akakaa kwenye mkeka, na swali lake la kwanza likawa: "Mama, nani huamka wa kwanza nyumba hii?" Kosa hakuligusa bado. Kwa swali hilo tukajua baba hayupo, kijana ndiye huamka kuteka maji na kuwapeleka wadogo zake shule, na kazi ya ujenzi ilikuwa imekatika. Mama akatoa mfuko wa plastiki wenye cheti cha kijana cha darasa la nane na kadi ya kliniki, kana kwamba ameombwa athibitishe kuwa mwanawe amezaliwa. Kisha tukaenda kwa jirani. Yeye alitaka mtungi wake ulipwe, na alitaka pia aulizwe, kwa sababu tangu siku ya kuripoti hakuna aliyemuuliza kitu. Chifu tukamwacha mwisho.

Uandikapo ripoti kama hiyo, usiandike "ana tabia mbaya". Andika ulichokiona, ulichoambiwa, na aliyekuambia. Neno moja la uvivu laweza kumgharimu mtu miezi gerezani, au kumrudishia jirani hofu mlangoni. Jifunze lugha ya watu utakaowahudumia, hata salamu zake tu. Na uwe na mtu wa kuzungumza naye, bila kutoboa siri za faili, maana kuna nyumba utakazoingia zikakufuata mpaka kitandani.

Ajira nazo: nafasi za serikali ni chache kuliko wahitimu, kwa hiyo ongeza ujuzi mwingine kama ushauri nasaha au uchanganuzi wa data ukiwa bado chuoni.

Kabla hujajaza chaguo la kozi, nenda mahakama ya hakimu iliyo karibu nawe. Kesi nyingi husikizwa hadharani, na hulipi chochote. Zima simu, kaa viti vya nyuma, na uliza karani ni siku gani hukumu husomwa. Sikiliza hasa pale hakimu anaposema, "Ripoti ya probesheni iletwe," halafu rudi siku hiyo itakaposomwa.