Ratiba inaruka Jumamosi: rekebisha kalenda kwanza

Ndugu, umesema timu yako hufanya kazi saa 6 kwa siku, Jumamosi ikiwemo, ila Microsoft Project, programu ya kupanga miradi, inairuka Jumamosi, na kazi ya siku moja inamwagikia siku ya pili.

Hapo kuna mipangilio miwili inayochanganywa sana. Kalenda ndiyo inayosema ni siku na saa zipi watu wako kazini. Ile "saa kwa siku" kwenye chaguzi za ratiba ni kipimo tu: inageuza siku kuwa saa, na kwa kawaida ni 8. Ukiibadilisha, kalenda haiguswi. Kwa hiyo tengeneza kalenda yako, iteue kwenye taarifa za mradi, kisha weka saa 6 kwa siku na 36 kwa wiki.

Usishtuke kazi ulizokwisha kuingiza zikionyesha siku 1.33. Programu hutunza muda halisi, si siku, na saa 8 ukigawa kwa 6 ndiyo hiyo. Andika muda upya.

Kazi zisiposogea hata hivyo, huenda ziko kwenye upangaji wa mkono, yaani tarehe unaziweka mwenyewe na programu haizisogezi. Zihamishie kwenye upangaji otomatiki.