Chunjua kwenye vidole vya mtoto: wembe weka pembeni kwanza

Mzazi mwenzangu, kama umeona kinundu kigumu kwenye kidole cha mtoto na mkono ushaanza kukuwasha, unataka kutafuta wembe au kikata kucha ukichokonoe, tulia kwanza. Wanangu wawili wamepata chunjua za vidole kwa nyakati tofauti, mmoja zilimtoka zenyewe bila hata kuguswa, mwingine tulihangaika nazo na dawa mpaka nikawa mzoefu kwa lazima, na nilichojifunza ni kwamba chunjua haitaki nguvu, inataka uvumilivu, tena ule wa kuchosha. Ukiifanyia fujo ndo unaisambaza.

Hii habari ya kwamba chunjua ina mzizi na lazima uung'oe ndo inayowaponza wengi. Haina mzizi wowote. Inakaa kwenye tabaka la juu la ngozi tu, virusi vikishaingia pale vinafanya ngozi ijitengeneze haraka kuliko kawaida, inajirundika, inakuwa ngumu. Na vile vidoti vyeusi unavyoviona ndani, ambavyo watu huviita mbegu, ni vimishipa vya damu vidogo sana ambavyo damu imeganda ndani yake. Kwa hiyo ukichimba unapata damu, mtoto analia, unaacha kidonda ambacho virusi vinapenyea hapohapo pembeni, baada ya miezi unashangaa moja imekuwa nne.

Sasa unajuaje kama ni chunjua kweli? Mkalishe mtoto kwenye mwanga mzuri, kidole kikiwa kimelowa kidogo, angalia mistari ya ngozi. Kwenye sugu, ile inayotokea pale kalamu inapokandamiza kidole, mistari inapita juu kama kawaida, ila kwenye chunjua mistari inakatika ikifika pale, yaani inazunguka pembeni na katikati panabaki mparuzo mtupu. Ukiona na vile vidoti vyeusi basi huna haja ya kubishana sana. Kama kipele ni laini, kinang'aa, kina kashimo katikati, hiyo mara nyingi siyo chunjua, ni moluskamu, nayo inatokana na virusi vingine kabisa na dawa kali za chunjua siyo za kuipaka ovyo. Na ukiona malengelenge yenye maji, yamekaa kwa kundi, kidole kimevimba chekundu na mtoto anasema kinachoma, hapo usipake chochote wala usitumbue, mpeleke kwa daktari, kwa sababu chunjua ya kidole kwa kawaida haiumi mpaka uibonyeze au igongwe.

Zinatoka wapi? Zinaambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, au kupitia taulo na vitu vinavyoshikwa na wengi, na virusi vinahitaji upenyo, kamkwaruzo kadogo tu kanatosha. Tangu viingie mpaka kinundu kionekane mara nyingi ni miezi 2 hadi 6, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kwa hiyo acha kumtafuta mtoto wa nani aliyemwambukiza wako, huwezi kumpata na hata ukimpata itakusaidia nini.

Ila kuna kitu kimoja nikisisitize, kucha. Mtoto anayeng'ata kucha, au anayevuta vile vingozi vinavyochanika pembeni ya kucha, au anayenyonya kidole, huyo anajiambukiza mwenyewe kutoka kidole kimoja kwenda kingine na anaweza kuzipeleka mpaka mdomoni. Chunjua za kuzunguka kucha ndo sumbufu kuliko zote. Unaweza kupaka dawa nzuri kuliko zote duniani, lakini kama meno yako kazini kila akiangalia katuni unapoteza muda. Kwetu kelele za "toa kidole mdomoni" hazikusaidia kitu, kilichosaidia ni kukata kucha fupi mara kwa mara, kuvikata vile vingozi kwa mkasi safi badala ya kuviacha avivute, na kuifunika chunjua kwa plasta muda wote ili hata akisahau asipate cha kung'ata.

Najua pia kuna mzazi ataingia mtandaoni usiku, asome kwamba chunjua zinasababishwa na HPV, yaani virusi vya papiloma, halafu akose usingizi kwa sababu HPV ndo hiyo hiyo ya saratani ya mlango wa kizazi. Pumzika. HPV ni ukoo mkubwa wenye aina zaidi ya 100, zinazokaa mikononi ni kama aina ya 2, 4, 27 na 57, wakati zinazoongoza kwa saratani ya mlango wa kizazi ni 16 na 18. Chunjua ya kidole cha mtoto haigeuki kuwa hiyo.

Swali la kweli ni moja, utibu au uache? Kwa watoto karibu nusu ya wanaozipata zinaisha zenyewe ndani ya mwaka mmoja, na ndani ya miaka miwili ni kama theluthi mbili, kinga ya mwili ikishavitambua virusi inavimaliza. Msimamo wangu ni huu, kama ni moja au mbili, haziumi, hazisambai na mtoto mwenyewe wala hana habari nazo, ziache, funika, fuatilia. Lakini kama zinamuuma akishika kalamu, zinaongezeka, au wenzake wanakataa kumshika mkono na yeye ameanza kuficha vidole mfukoni, hapo tibu, sababu ya aibu ni sababu tosha na usimwambie mtoto kwamba ni jambo dogo wakati kwake siyo dogo.

Dawa ya kuanza nayo nyumbani ni asidi ya salisiliki, ile ya maji ya kupaka, kwa vidole mara nyingi ni ya asilimia 17. Zile plasta za asilimia 40 ni kali, zimelenga zaidi nyayo, usimwekee mtoto kidoleni kwa kujiamulia. Muulize mfamasia kama umri wa mtoto unaruhusu, na kama ana kisukari au kinga yake iko chini usianze bila daktari.

Wengi wanasema haifanyi kazi, ukiwauliza walipakaje unakuta wamedondoshea tone juu ya gamba gumu mara mbili kwa wiki. Utaratibu ni wa kila siku, na usiku ndo unafaa. Loweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 mpaka 10 ngozi ilainike, kausha, halafu sugua juu kwa msasa wa kucha kuondoa ile ngozi nyeupe iliyokufa, sugua taratibu, ukiona wekundu au mtoto anaruka umeshapita kiasi, acha. Msasa huo ni wa chunjua tu, asiutumie mtu mwingine na usiupitishe kwenye kidole kizima. Kisha zungushia vaselini ngozi nzima ya pembeni, paka dawa juu ya chunjua peke yake, acha ikauke, funika na plasta. Chupa ifunge vizuri na usipake dawa karibu na moto, nyingi zinashika moto haraka. Ngozi ikiwa nyekundu na kuuma pumzisha siku mbili tatu halafu endelea, usikate tamaa hapo, wengi ndo wanaachia hapohapo. Inaweza kuchukua mpaka wiki 12, na wiki za mwanzo utaona kama hakuna kinachotokea zaidi ya ngozi kuwa nyeupe na kubanduka, ndo kazi yenyewe hiyo. Unaacha pale mistari ya ngozi inapoanza kupita tena juu bila kukatika, siyo pale kinundu kinapokuwa bapa.

Usoni na sehemu za siri dawa hii haipakwi kabisa.

Kuhusu ile tepu ya mafundi ya rangi ya fedha (duct tape), ya kubandika juu ya chunjua, inayosifiwa sana, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliosema inafanya vizuri kuliko kugandisha chunjua kwa baridi kali, watu wakafurahi, halafu mwaka 2006 Uholanzi wakaijaribu kwa watoto wa shule na haikuonyesha tofauti ya maana. Mi naona haina madhara makubwa, inazuia angalau kung'ata, ila usiitegemee peke yake.

Kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika hospitalini, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, kunarudiwa kila baada ya wiki 2 au 3 na kunauma, tusidanganyane. Mtoto mdogo atakumbuka. Baadaye linaweza kutoka lengelenge, hata la damu, usilitumbue. Kwa ngozi nyeusi panaweza kubaki doa jeupe kwa miezi, na karibu na kucha lazima afanye mtu anayejua maana akiharibu kile kitovu cha kucha, yaani pale inapoanzia kuota, kucha inaota imepinda. Vile vifaa vya kugandishia nyumbani havifiki ubaridi huo na kwa kawaida havitumiki kwa walio chini ya miaka 4.

Mpeleke kwa daktari wa ngozi kama chunjua imeingia chini ya kucha, inatoa damu bila kuguswa, ina usaha, inakua kwa kasi au imebadilika rangi, kama zimetapakaa ghafla, kama zimepanda usoni, au kama umemaliza zile wiki 12 kwa utaratibu na haijasogea. Na shule au kuogelea hakuna sababu ya kumzuia, plasta isiyopitisha maji inatosha, taulo lake liwe lake, na anawe mikono akishazigusa, wewe pia unawe ukimaliza kumpaka.